Bunduki Iliyolaumiwa

Jumatano, tarehe 7 Agosti 2019, Oiva Tahvanainen aliingia katika karakana yetu ya bunduki saa nne na dakika kumi asubuhi na akatoka saa kumi kasoro dakika tano alasiri. Jumla ni saa tano na dakika arobaini na tano. Dakika ishirini alizitumia akiwa ameketi kwenye kiti cha karibu na mlango, akipumzika, kwa sababu ngazi zetu ni saba. Saa moja na dakika kumi zilikwenda juu ya meza ya kazi. Dakika thelathini na tano zilikuwa za kahawa. Zilizosalia, saa tatu na dakika arobaini, tulizimaliza kwenye uwanja wa shabaha, pamoja na safari ya kwenda na kurudi.

Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Alikata miti kwa msumeno wa mnyororo kwa miaka kumi na tisa, akaendesha mashine za kuvunia miti kwa miaka mingine kumi na minane, na mwezi Februari wa mwaka ule madaktari walimfungua bega la kulia na kulishona upya. Alikuwa mtu wa kuvua kofia anapoingia ndani na kuivaa tena anapotaka kusema jambo zito.

Katika kundi la wawindaji la Lehtovaara, kijiji cha misituni huku kwetu kaskazini, lenye watu kumi na wanne, yeye ndiye aliyemfuata mbwa. Mbwa wake, Halla, alikuwa jike wa ile aina nyeusi yenye kifua cheupe ambayo kwetu hufugwa kwa ajili ya kuwindia dubu. Alikuwa ametimiza miaka tisa, na asubuhi miguu yake ya nyuma ilikuwa imeanza kukakamaa. Halla akimpata dubu humzunguka na kubweka palepale, hata saa nzima, akimngoja Oiva. Akitokea mtu mwingine huacha kubweka, hugeuka na kurudi garini. Walijaribu mara mbili, na mara zote mbili alirudi garini. Kwa hiyo msimu wa Halla ulikuwa msimu wa Oiva, na hakuna aliyetarajia kwamba mbwa yule angepata mwingine baada ya huu.

Tatizo lilikuwa kadi. Mwindaji wa dubu hupewa kadi ya kufaulu shabaha, nayo hudumu miaka mitatu. Ya Oiva ilikwisha mwezi Julai. Alikuwa ameshajaribu mtihani mara mbili na kushindwa mara mbili, na msimu ulikuwa ukifunguliwa tarehe 20. Anayemfuata mbwa hadi kwa dubu hawezi kwenda na fimbo. Kama asingefaulu, Halla angebaki amefungwa uani akisikiliza mbwa wa wenzake.

Aliilaza bunduki yake mezani, juu ya kitambaa nilichomtandikia. Ilikuwa ya kipimo cha milimita tisa nukta tatu, ambayo kwetu tunaiita tisa-tatu tu.

"Hii naomba uipunguzie teke, binti," alisema. "Kitako kiongezee mpira. Mbele nifungie kizuia sauti. Bega langu si la mwaka jana."

Mke wake, Helvi, aliyekuwa amemwendesha, alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake wa nyuzi za kufuma.

"Mwambie ukweli, mwanangu," aliniambia. "Mimi nimemwambia miaka arobaini na sita, hasikii. Labda wewe uliyesomea atakusikia."

"Helvi, nenda kasome gazeti."

"Nimeshalisoma. Leo hakuna aliyekufa."

Niliipima bunduki. Kitako kilikuwa kifupi kwake kwa milimita kumi na mbili, na mpira wake ulikuwa umekauka na kuwa mgumu kama kwato. Hayo yangeweza kurekebishwa mchana ule ule. Lakini risasi ya tisa-tatu ina uzito wa gramu kumi na nane na nusu, na kinachokwenda mbele lazima kilipiwe nyuma. Nilimweleza kwamba mpira na kizuia sauti vingeondoa theluthi moja ya teke, na kwamba theluthi mbili zingebaki bado zinalitafuta lile bega.

Nilizitoa kabatini bunduki mbili za karakana, nikazilaza kando ya yake. Moja ilikuwa ya tatu-sifuri-nane, ambayo nusu ya wilaya huwindia paa mkubwa wa kwetu, mnyama mwenye pembe kama majembe. Nyingine ilikuwa ya sita na nusu, nyembamba, risasi yake gramu kumi tu. Nilimwambia kwamba sheria inazikubali zote tatu kwa dubu, ile ndogo ikiwa na risasi nzito ya kutosha, na kwamba mwili wa dubu haujui kusoma namba zilizopigwa chapa kwenye mtutu. Risasi ikipita mahali pake, mapafu yote mawili, inatosha. Isipopita mahali pake, hakuna inayotosha.

Oiva aliinyanyua ile ya tatu-sifuri-nane, akailenga saa ya ukutani, akairudisha. Ile ya sita na nusu hakuigusa.

"Kibandani kwetu kuna karatasi ukutani," alisema. "Umeiona."

Niliiona. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho kabla ya msimu, mimi huenda kwenye kibanda cha kundi kukagua bunduki zote kumi na nne. Karatasi imebandikwa juu ya jiko, na mstari wake wa tatu unasema: Kwa yule, si chini ya tisa-tatu. Wazee wa Lehtovaara hawamtaji dubu kwa jina wakati wa msimu, husema "yule".

"Sheria ya kundi si sheria ya nchi," nilimwambia.

"Karatasi niliiandika mimi," akajibu.

Hilo pia nililijua, kama lijulikanavyo na kila mtu huku. Mwaka 1991 Oiva alimjeruhi dubu kwenye ukingo wa bwawa la matope, akiwa na bunduki ya sita na nusu. Dubu akaingia kwenye miti iliyosongamana. Siku ya pili ya kumfuatilia akatokea ubavuni, akamuua mbwa mmoja na kumkamata mwanakundi mwenzake, Aarne Kettunen, mkono wa kushoto. Aarne alipona, ila mkono haukunyooka tena hadi alipofariki. Kundi lilipokutana, Oiva alisema risasi ilikuwa ndogo mno, na kwamba isitumike tena. Akaandika ile karatasi, akaenda kununua tisa-tatu, na mwaka uliofuata wengine wote wakamwiga.

Tulikwenda uwanjani kwa gari la Helvi. Ni kilomita kumi na mbili, na njiani Oiva alimwambia Helvi abadilishe gia.

Nilikuwa na kitu kimoja mfukoni ambacho sikumwonyesha. Ni risasi bandia niliyoitengeneza chuoni katika mwaka wangu wa pili: ganda la kweli na risasi ya kweli mbele yake, uzito sawasawa, lakini ndani hamna baruti na mahali pa fataki ya kuwashia baruti pamezibwa kwa mpira. Ina alama ndogo ya tupa kwenye kitako chake, ambayo huioni usipoitafuta. Nilimwomba anipe kazi ya kujaza bunduki, ili apumzishe bega. Alikubali. Nikajaza tatu za kweli, na ya nne ikawa ile.

Ya kwanza iligonga chini ya duara. Ya pili kushoto. Baada ya kila mlio alijisugua bega bila kujua kwamba anajisugua. Ya tatu iliingia ukingoni. Kisha akavuta komeo, akalenga, akakivuta kifyatulio, na pakasikika mlio mdogo tu wa chuma kwa chuma.

Mtutu uliinama kama mtu anayesinzia. Uliinama upana wa kiganja kizima. Bega lilikwenda mbele kulipokea teke ambalo halikuja, na macho yake yote mawili yalikuwa yamefumba.

Mbu walikuwa wengi. Mmoja alimtua shavuni, naye hakumfukuza.

"Tena," alisema. "Usiniambie ni ya ngapi."

Nilimjazia mara nne zaidi, nikiichanganya. Mara zote nne, ilipofika ile bandia, mtutu uliinama. Mara ya mwisho aliiweka bunduki chini mwenyewe, akaenda kuketi kwenye benchi alipokuwa Helvi na chupa ya kahawa. Helvi alimmiminia, akamkatia kipai cha unga wa rai, nafaka ya nchi za baridi, chenye wali ndani, akakipaka siagi juu yake kana kwamba anamlisha mtoto. Alikila chote. Halafu akaivaa kofia.

"Sikujifunza hilo kwa tisa-tatu," alisema.

Helvi aliacha kufuma.

"Ile siku ya bwawani yule alitokea karibu kuliko nilivyotazamia. Kama kutoka hapa hadi kwenye ile nguzo. Nilifumba macho, nikafyatua. Nilijua palepale. Kabla hajakimbia nilikuwa nimeshajua."

"Oiva," Helvi alisema.

"Ngoja nimalize, nimechoka. Kibandani waliniuliza, imekuwaje? Aarne alikuwa hospitali. Nikasema risasi ni ndogo. Hakuna aliyebisha, risasi haina mdomo. Basi nikanunua kubwa, ili ionekane nilimaanisha. Na hiyo kubwa imenipiga miaka ishirini na minane, kila mwaka ikinifundisha kufumba macho vizuri zaidi." Alilitazama bega lake kana kwamba ni la mtu mwingine. "Sijachoshwa na msitu, binti. Nimechoshwa na kulingoja teke."

Nilimuuliza swali la kazi. Kibali cha polisi cha kununua bunduki mpya huchukua wiki tatu au zaidi, na sisi tulikuwa na siku kumi na tatu. Nikamuuliza kama kabatini kwake kuna bunduki nyingine.

"Ipo moja."

"Ya kipimo gani?"

Helvi ndiye aliyejibu. "Ile ile ya bwawani. Kila mwaka mpya huitoa, huipaka mafuta, huirudisha. Mimi nilidhani anataka kuiuza hapati mnunuzi."

Ililetwa karakanani Alhamisi asubuhi. Niliitarajia kutu, sikuipata. Mtutu ulikuwa safi na mistari yake ya ndani mikali. Nilipima nafasi ya chemba, mahali risasi inapokaa, ikawa ndani ya kipimo. Nilibadilisha springi ya pini, nikaupunguza uzito wa kuvuta kifyatulio kutoka kilo moja na gramu mia tisa hadi kilo moja na gramu mia mbili, nikarefusha kitako kwa milimita kumi na mbili, nikafunga darubini yenye uoni mpana. Katika daftari la kazi niliandika: bunduki haina kasoro. Nilisita kwenye sentensi hiyo, kwa sababu kwa kawaida huwa siiandiki kwa maneno hayo, lakini niliiacha.

Kuanzia Ijumaa hadi Jumanne alikuja uwanjani kila alasiri, akapiga risasi kumi kwa siku na si zaidi. Nilimtengenezea risasi bandia nyingine ya kipimo cha sita na nusu, nayo ilikuwa moja katika kila tatu. Siku ya kwanza mtutu uliinama mara zote. Siku ya tatu uliinama mara moja. Siku ya nne haukuinama kabisa, lakini alikuwa amejikaza kiasi kwamba jasho lilimtiririka hadi kwenye ndevu, nikamwambia hilo nalo si zuri. Bunduki ile ilimpiga kama mtu anayekugusa begani akuulize njia. Kilichobaki kumpiga kilikuwa kichwani mwake.

Mtihani ulikuwa Jumatano ya tarehe 14, saa kumi na mbili jioni. Shabaha huwekwa mita sabini na tano. Ni risasi nne ndani ya sekunde tisini, na zote nne lazima ziingie katika duara la sentimita kumi na saba. Msimamizi, mwanamume mnene wa kijiji cha jirani, aliitazama bunduki ya Oiva, kisha akamtazama Oiva.

"Umekuja kwa mtihani wa dubu au wa panya, mzee?"

"Panya wa kwenu wakoje?" Oiva aliuliza. "Nikifeli nitakuja kwenu."

Safari ya kwanza tatu ziliingia. Ya nne ilitoka nje kwa upana wa kidole. Oiva alirudi akaketi kwenye kisiki, kofia mkononi, akatazama majani kwa dakika arobaini wakati wengine wakipiga. Sikumsogelea. Helvi alikuwa akichuma matunda ya buluu nyuma ya benchi, na kila alipojaza kiganja alikuja kukimimina katika kofia ya mumewe, akarudi.

Safari ya pili ziliingia nne. Mbili ziligusana. Msimamizi aliandika, akapiga mhuri, akasema, "Haya, panya wamekwisha." Oiva aliichukua kadi, akaitia ndani ya kitabu cha chanjo za mbwa, ili isipotee.

Nilidhani kazi imekwisha. Helvi alinirekebisha tulipokuwa tukifunga gari.

"Bado ukuta wa kibandani," alisema.

Jumapili, tarehe 18, nilifika kibandani saa sita mchana na boksi langu la vipimo. Wanakundi walikuwa nje wakichoma soseji kwenye moto, wakibishana juu ya mbwa wa nani alilibwekea gari la posta. Kiongozi wa kundi ni Pentti Kettunen, mwana wa Aarne, mtu mrefu wa miaka hamsini na miwili ambaye husema kwa sauti ya juu hata akiwa karibu nawe. Nilizikagua bunduki moja moja kwenye meza ya ndani, nikiita jina la kila mwenyewe. Tisa-tatu zilikuwa kumi na tatu. Ya kumi na nne ilipotoka kwenye mfuko wake, Pentti alikuwa mlangoni na soseji mkononi.

"Nani kaleta hii?"

"Mimi," Oiva alisema. Alikuwa ameketi kando ya jiko, chini ya ile karatasi.

"Mzee, umepotea njia. Sungura wanaanza Septemba."

Wenzake wakacheka. Mmoja akauliza kama atahitaji watu wa kumshikia dubu wakati anampiga. Mwingine akasema Halla ataona aibu, atahamia kwao. Kisha Pentti alisogea karibu na meza, akaitambua. Wote wa Lehtovaara wanaitambua kwa kusimuliwa, ingawa wengi walikuwa hawajaiona. Kitako chake kina doa jeusi la kuunguzwa na kiberiti karibu na mkanda.

"Hii ndiyo iliyomla mkono baba yangu," alisema, na mara hii sauti haikuwa ya juu.

Oiva alivaa kofia.

"Si hiyo, Pentti. Ni mimi. Nilifumba macho, nikafyatua nikiwa nimefumba. Risasi ilikwenda ilikoelekezwa. Halafu nikarudi hapa nikaisingizia."

Nilikuwa nimeshika kipimo cha kifyatulio mkononi, nikakiweka chini polepole ili kisitoe sauti.

"Rudia," Pentti alisema.

"Umenisikia."

"Baba alikamua ng'ombe kwa mkono mmoja miaka ishirini. Mimi nilikuwa namshikia ndoo kati ya magoti yangu. Kila siku ananiambia, mwanangu, Oiva ni mtu mkweli, alisimama mbele ya watu wote akasema kosa la bunduki yake." Alitupa soseji jikoni, ndani ya moto, nzima. "Alikusifia wewe! Hadi anakufa anakusifia!"

"Najua. Nilikuwa nakuja kumtembelea, akinisifia naenda nyumbani."

"Na sisi sote tumebeba haya mabomu miaka yote kwa ajili ya uongo wako."

"Ndiyo."

"Mimi pia nina bega, Oiva!"

Hakuna aliyecheka, ingawa baadaye niliambiwa kwamba wawili walitaka kucheka. Pentti alitoka. Tulimsikia akipasua kuni nyuma ya kibanda, kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa za kutosha msimu mzima. Ilikuwa dakika ishirini na tano. Katika muda huo niliimaliza ile bunduki, nikaandika katika fomu kwamba iko sawa, nikaisukuma upande wa Oiva, naye hakuichukua.

Pentti aliporudi alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Aliinama juu ya jiko, akavuta penseli kutoka nyuma ya sikio, akaukata mstari wa tatu wa karatasi. Mkato ukaenda mshazari.

"Utakwenda na mbwa wako," alisema bila kumtazama Oiva. "Lakini mimi nitakuwa nyuma yako hatua kumi, na tisa-tatu. Ukifumba macho nitakuona."

"Sawa."

"Na sijakusamehe."

"Sikuomba," Oiva alisema. "Nilikuja kukaguliwa."

Yaliyotokea msituni sikuyaona. Niliyasikia kwa Helvi, na baadaye kwa Pentti, nayo yalilingana. Alhamisi, tarehe 29, kabla ya saa mbili asubuhi, Halla alipata harufu kwenye mteremko wa shamba la shayiri, na baada ya nusu saa akasimama akibweka upande wa pili wa bwawa. Ni bwawa lile lile. Oiva alitembea kilomita mbili kasoro kidogo kwa saa moja na dakika ishirini, akisimama kila mara kupumua. Pentti nyuma, hatua kumi.

Dubu alikuwa chini ya mti ulioanguka, mita thelathini, akimtishia Halla kwa mkono. Oiva aliegemea shina, akalenga. Pentti alisimama pembeni mahali ambapo aliweza kuuona uso wake. Alisema macho yalikuwa wazi yote mawili, la kulia na la kushoto, wazi kama ya mtu anayesoma. Alisema pia kwamba Oiva alilenga kwa muda mrefu.

Kisha Oiva akateremsha bunduki.

Tawi la msonobari lilikuwa limekatiza bega la dubu, nene kama kidole gumba. Dubu akageuka, akauruka mti, akaingia kwenye miti iliyosongamana. Halla alimfuata hatua mia hivi, akarudi akichechemea, akajilaza juu ya buti za Oiva.

"Umemwachia aende," Pentti alisema.

"Kulikuwa na tawi."

"Tisa-tatu ingelipita hilo tawi."

"Labda. Na labda isingelipita, tungekuwa hapa mpaka kesho kutwa tukimtafuta, mimi na wewe na mbwa mzee." Oiva aliiondoa risasi kwenye chemba, akaitia mfukoni. "Nimeliona tawi, Pentti. Mara ile sikuona chochote."

Walirudi polepole kuliko walivyokwenda. Sehemu ya mwisho Pentti alimbeba Halla begani, na kwa kuwa bega lake la kulia lilimuuma, alimbeba upande wa kushoto.

Kundi halikumpata dubu mwaka ule. Halla alikufa usingizini mwezi Machi, na Oiva hakuchukua mbwa mwingine.

Jumatano, tarehe 19 Agosti 2020, saa tatu kasoro robo asubuhi, robo saa kabla ya muda wetu wa kufungua, Pentti Kettunen aligonga mlango wa karakana. Aliiweka tisa-tatu yake juu ya kitambaa, akatazama nyuma kuhakikisha hakuna mtu kwenye ngazi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile risasi bandia aliyoisikia kwa Oiva bado ninayo.